Baridi Huanzia Mgongoni: Mifarishi ya Machela kwenye Appalachian Trail

Machela ilibuniwa na watu wa nchi za joto. Columbus na mabaharia wake walipofika visiwa vya Karibi mwaka 1492 waliwakuta wenyeji wakilala kwenye wavu wa pamba uliotundikwa hewani, na faida ya kulala hivyo katika nchi kama ile haihitaji maelezo mengi: wadudu wa ardhini hawakufikii, na upepo hupita chini yako usiku kucha ukikupoza mgongo. Wanamaji wa Uingereza walipoichukua machela na kuitundika melini, walitia godoro jembamba ndani yake. Walikwisha kutambua jambo ambalo wengi wanaojiandaa kwa safari ndefu ya milimani hulitambua usiku wa kwanza wa baridi: machela itakupoza popote utakapoifunga, hata pale ambapo hutaki kupozwa.

Safari ninayoizungumzia ni ile ya Appalachian Trail, njia ya miguu ya kilomita zipatazo 3,500 inayoanzia Springer Mountain huko Georgia na kuishia kilele cha Katahdin huko Maine, ikikata majimbo 14 ya mashariki mwa Marekani. Benton MacKaye aliipendekeza mwaka 1921, ikakamilika mwaka 1937, na mwaka 1948 Earl Shaffer akatoa taarifa ya kwanza ya mtu kuitembea yote kwa mfululizo. Karibu njia nzima imo msituni, na ndiyo sababu machela inapendwa huko: miti ipo kila upande, ilhali ardhi tambarare isiyo na mawe wala mizizi ni ya kutafuta. Wengi huanza kusini mwezi Machi au Aprili ili wafike Katahdin kabla hifadhi ya Baxter State Park haijafunga kambi zake mwezi Oktoba. Hivyo mtu huyohuyo, akiwa na begi lilelile mgongoni, hupambana na theluji ya majira ya kuchipua, joto la Julai la Pennsylvania, na jalidi ya Septemba huko Maine.

Anayelala kwenye machela hubeba mifarishi miwili. Wa juu ni blanketi lililojazwa manyoya laini ya bata au bata bukini, lenye mfuko mdogo wa kuingiza miguu na lisilo na upande wa mgongoni. Wa chini hutundikwa nje ya machela kwa kamba za mpira, ukiukumbatia mgongo wa mlalaji kwa upande wa pili wa kitambaa. Swali linaloulizwa kila mwaka ni mifarishi hiyo iwe ya joto kiasi gani. Wauzaji hujibu kwa namba moja. Wakongwe wengi wa njia nao hujibu kwa namba moja, na mara nyingi ni ileile kwa juu na chini. Mimi naona namba hizo mbili hazipaswi kulingana. Fedha na gramu zielekezwe chini kwanza.

Sababu yake imo katika namna manyoya yanavyofanya kazi. Manyoya yenyewe hayatoi joto. Yanachofanya ni kuizuia hewa isitembee, na hewa iliyotulia ndiyo inayolinda joto la mwili. Ukiyalalia yanabanwa, hewa inatoka, na kinachobaki chini yako ni vitambaa viwili na manyoya yaliyosinyaa. Mfuko wa kawaida wa kulalia una udhaifu huohuo upande wa mgongo, ila mtu wa hema hauoni kwa sababu amelala juu ya godoro la sponji au la kujaza upepo, ambalo halibanwi hadi kwisha. Kwenye machela, chini ya mgongo kuna kitambaa kimoja na hewa ya usiku isiyoacha kubadilishwa. Mfarishi wa chini ulibuniwa kutatua hilo: uko nje, uzito wa mwili haukai juu yake, manyoya yanabaki yamefutuka.

Sasa fikiria usiku uliokuwa wa baridi kuliko ulivyotarajia. Juu una njia nyingi za kujiokoa. Utavaa koti la manyoya ambalo umelibeba hata hivyo kwa ajili ya jioni, au utalitandaza juu ya kifua. Utavaa kofia na soksi kavu, utajifunika koti la mvua. Chini huna karibu lolote. Koti ulilovaa linabanwa na mgongo wako mwenyewe, na huwezi kuamka saa nane usiku ukaongeza safu nyingine nje ya machela. Upande wa juu una akiba ndani ya begi, wa chini hauna. Kwa hiyo anayeanza Georgia katikati ya Machi ningemshauri achukue mfarishi wa chini wa -12 na wa juu wa -7. Anayeanza katikati ya Aprili anaweza kushuka hadi -7 chini na -1 juu, mradi koti lake ni la kweli.

Namba hizo ni za sentigredi. Viwanda vya Marekani huandika kwa farenhaiti: lebo ya 20 maana yake -7, ya 10 ni -12, na ya 40 ni nyuzi 4 tu juu ya sifuri. Ndugu aliyekulia kwenye sentigredi asije akaagiza mfarishi wa “40” akidhani amepata wa kumtoa jasho.

Lakini namba ya lebo ina maana gani hasa? Kwa mifuko ya kulalia kipo kipimo cha kimataifa, ISO 23537, kilichorithi kile cha Ulaya cha EN 13537. Mwanasesere mwenye vipashajoto hulazwa ndani ya mfuko kwenye chumba cha baridi, kisha hesabu hutoa viwango kadhaa. Viwili ndivyo vyenye faida kwetu. Kiwango cha starehe kinamhusu mwanamke wa mfano aliyelala kwa utulivu bila kujikunja. Kiwango cha mwisho kinamhusu mwanamume wa mfano aliyejikunja, akiwa ukingoni mwa kutetemeka. Baina ya viwili hivyo mara nyingi kuna tofauti ya nyuzi tano au sita. Mfuko mmoja, watu wawili, majibu mawili, na yote ni ya kweli.

Mifarishi ya machela haina kipimo cha namna hiyo. Mwanasesere wa maabara hulazwa juu ya godoro, hatundikwi hewani. Wengi wa wanaoshona mifarishi hii ni karakana ndogo, kama Hammock Gear ya Ohio au Warbonnet ya Colorado, na kila mshonaji hujiwekea namba yake kwa kufuata unene wa manyoya na uzoefu wa wateja. Wapo wanaoandika namba ya starehe, wapo wanaoandika ya mwisho, na wapo wasiosema wameandika ipi. Mnunuzi aulize. Asipopata jibu, achukulie kuwa ni ya mwisho na ajiongezee nyuzi tano. Jambo linalosahaulika ni kwamba kiwango cha mwisho kinamdhania mtu aliyejikunja, na sehemu kubwa ya watu kwenye machela hulala chali, kwa mshazari, wamenyooka. Mwili ulionyooka una eneo kubwa zaidi la kupotezea joto.

Kipo kitu kingine cha kuangalia kisichotegemea uungwana wa muuzaji: unene. Mfarishi wa -7 kwa kawaida hufutuka kama sentimita 6. Wa -18 hukaribia 9. Rula haidanganyi sana. Namba kama 800, 850 au 950 inayotangazwa pamoja na manyoya haipimi joto, bali jinsi manyoya yanavyofutuka kulingana na uzito wake: manyoya ya 800 yenye uzito wa gramu 28 hujaza takriban lita 13. Ya 950 hujaza nafasi hiyohiyo kwa uzito mdogo zaidi na kwa bei inayouma. Mifarishi miwili yenye unene mmoja inakaribiana kwa joto, hata kama mmoja una manyoya ya 800 na mwingine ya 950. Tofauti yao utaisikia begani na mfukoni.

Sasa tuitazame njia yenyewe, kwa maana joto la kutosha ni lazima liwe la kutosha mahali fulani. Springer Mountain iko mita 1,153 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo msafiri anapanda. Ndani ya hifadhi ya Great Smoky Mountains njia hupita karibu kabisa na Kuwohi, kilele ambacho hadi mwaka 2024 kilijulikana rasmi kama Clingmans Dome, chenye mita 2,025. Mji wa karibu, Gatlinburg, uko mita kama 400. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda, hivyo kati ya mji na kilele kuna tofauti ya nyuzi kumi hivi. Msafiri anayesoma utabiri wa Gatlinburg kwenye simu, akaona sifuri, ajue kwamba juu kunaweza kuwa -10 na upepo juu yake. Usiku kama huo wa Machi si ajabu huko, na theluji ya Aprili haishangazi wenyeji.

Smoky Mountains ina jambo jingine linaloharibu hesabu ya mtu wa machela. Wanaopita na kibali cha safari nzima hutakiwa kulala kwenye mabanda ya njiani, na machela hairuhusiwi kufungwa ndani ya banda. Banda likijaa ndipo unaweza kulala nje yake. Anayekuta nafasi hana budi kulala juu ya mbao, na hapo mfarishi wa chini, uliogharimu mamia ya dola, unabanwa na mgongo na kuwa sawa na shuka. Kwa sababu hiyo tu ningebeba kipande chembamba cha godoro la sponji hadi hifadhi iishe. Kinafaa pia kukalia wakati wa kula, na usiku wa hatari kinaingizwa ndani ya machela, baina ya mgongo na kitambaa. Ndiyo akiba pekee ya kweli ya upande wa chini. Kasoro yake ni kuteleza. Machela ya kitambaa cha safu mbili hukibana katikati na kukituliza.

Baada ya Smoky Mountains watu huanza kuhisi kwamba baridi imekwisha, na hapo ndipo mifarishi mizito inapotumwa nyumbani mapema mno. Mji wa Damascus, Virginia, kwenye kilomita ya 750 hivi, una posta, una hali nzuri ya hewa, na una vishawishi vyote. Lakini mbele yake kuna nyanda za juu za Mount Rogers, mlima wa mita 1,746, wazi kwa upepo. Wakongwe husema usitume kitu chochote cha baridi hadi uvuke hapo, nami sioni sababu ya kubishana nao. Pearisburg, mbele zaidi huko Virginia, ni mahali pazuri zaidi pa kubadilisha. Kutoka hapo hadi Hanover, New Hampshire, mfarishi wa nyuzi 4 au hata 10 unatosha usiku mwingi, na wengine huacha kabisa mfarishi wa chini na kubaki na kile kipande cha sponji. Huko Hanover, au Glencliff kwa aliyechelewa, vifaa vya baridi hupokelewa tena posta, kwa sababu mbele kuna White Mountains.

Mount Washington, mita 1,917, uko njiani. Aprili 1934 kituo chake cha hali ya hewa kilipima upepo wa kilomita 372 kwa saa. Katika safu ile njia hupita zaidi ya kilomita kumi na tano juu ya mpaka wa miti, na pasipo miti machela ni mzigo tu. (Anayeota kuipeleka Kilimanjaro alifikirie hili: ukishapita msitu, kambi nyingi zilizobaki hazina miti ya kutundikia.) Hapo hakuna mfarishi wa kukusaidia. Panga siku yako ushuke msituni kabla ya giza.

Anayebadilisha vifaa hivi hutumia mifarishi minne badala ya miwili, na hilo lina gharama. Kama nafasi ipo ya seti moja tu, ningechagua ya -7 chini na -1 juu, nianze Aprili badala ya Machi, na niivumilie ijapokuwa nzito mwezi Julai. Mfarishi wa juu hufunguka, unaweza kujifunika nusu yake. Wa chini hulegezwa kamba ili hewa ipite. Tarehe ya kuanza ina nguvu kuliko lebo yoyote. Emma Gatewood, aliyeitembea njia nzima mwaka 1955 akiwa na miaka 67, hakubeba hema wala mfuko wa kulalia. Alikuwa na blanketi na pazia la plastiki la bafuni. Wanaomtaja kama ushahidi kwamba vifaa ni upuuzi husahau kusema kwamba alianza mwezi Mei.

Mwili nao hubadilika njiani, na hili sijaliona likipewa uzito linaostahili. Anayeondoka Georgia ana mafuta mwilini, ila miguu haijazoea, na hulala amechoka sana. Akifika Maine amepoteza kilo nyingi. Ana nguvu kama punda, lakini koti lake la asili la mafuta limekwisha, na mfarishi wake umelala miezi mitano ukinyonya jasho na uchafu wa ngozi, mambo yanayopunguza kufutuka kwa manyoya. Nyuzi -2 za mwisho wa Septemba huko Maine humuuma kuliko -5 za Aprili. Wanawake, na watu wembamba kwa jumla, waanze hesabu kutoka kwenye kiwango cha starehe tangu mwanzo. Kula kitu chenye mafuta kabla ya kulala husaidia. Chupa ya maji ya moto iliyokazwa kifuniko, ikawekwa mapajani, husaidia zaidi.

Unyevu ndio adui wa manyoya, na milima ya Appalachia ina mvua nyingi. Mfarishi wa nyuzi za sintetiki ukilowa hubaki na joto kiasi, na bei yake ni nafuu, lakini kwa joto lilelile ni mzito na hujaza begi. Kwa safari ya miezi mitano au sita bado ningechukua manyoya, nikayatunza ndani ya mfuko usiopenya maji, na kuyaanika kila jua linapotoka mchana.

Yote haya yanaweza kupotea bure kwa sababu ya kamba mbili za mpira. Mfarishi wa chini ukining'inia sentimita tatu chini ya mgongo, hewa baridi inajaza pengo lile na kupita, na hapo una koti la dereva wa bodaboda lisilofungwa zipu: joto la kitambaa lipo, ila upepo umeshaingia. Ukikazwa kupita kiasi, machela inaubana na manyoya yanasinyaa. Watu wengi wanaolalamika kwamba mfarishi wao wa -7 umewaangusha kwenye nyuzi 2 walikuwa na tatizo la utundikaji. Njia ya kujua ni rahisi. Lala ndani, mwenzako atie mkono baina ya machela na mfarishi. Mkono upite bila kupata nafasi ya bure. Kisha aangalie ncha mbili, kichwani na miguuni, zimekazwa kiasi cha kufunga mlango wa upepo. Ukihama upande usiku, mfarishi unaweza kukuacha, hasa ule mfupi unaokomea magotini. Huo huokoa gramu 150 hivi, na hulipwa kwa miguu iliyo kwenye baridi isipokuwa ukiweka sponji chini ya visigino.

Turubai la kukinga mvua juu ya machela lifuate. Upepo unaopita chini ya machela hunyang'anya joto kupitia mfarishi wowote, kwa hiyo turubai lishushwe karibu na ardhi upande unaotoka upepo. Na usilale bondeni kwenye mkondo wa maji. Usiku mkavu wenye nyota, hewa baridi huteremka kutoka mteremkoni na kutuama huko, na mita 30 za kupanda zinaweza kukupa nyuzi kadhaa bila kulipa chochote.

Bei iko wazi: mfarishi mmoja wa manyoya hugharimu kuanzia dola 200 hivi, na miwili mizuri hupita 500 bila shida. Mtu hujikuna ajipatapo. Mwenye fedha ya mfarishi mmoja anunue wa chini, na juu ajifunike mfuko wa kulalia alio nao tayari, akiwa ameufungua zipu hadi magotini na kuuacha chini ya magoti umefungwa ili miguu ikae ndani. Mfuko huo una gramu mia mbili au tatu zaidi ya mfarishi wa juu wa joto lilelile. Mzigo huo unabebeka hadi Virginia, na huko miji mingi ya njiani ina maduka ya vifaa, na wasafiri walioamua kurudi nyumbani huuza vyao kwa bei ya kutupa.